Mikono Ibaki kwenye Usukani: Maswali ya Wasomaji kuhusu Simu na Amri za Sauti Garini

Tangu tulipotangaza kwamba safu hii itashughulikia simu zinazounganishwa na gari, barua nyingi zaidi zimekuja na lalamiko moja: kwamba chombo kilichonunuliwa ili kimpunguzie dereva kazi kinamwongezea. Baadhi ya matatizo hayo yana dawa nyepesi, mengine yanatokana na kutarajia chombo kifanye kisichoweza, na machache hayaponi mpaka mtu abadilishe mazoea yake mwenyewe badala ya mipangilio ya simu. Tumechagua maswali yanayowakilisha mengine, na yale yaliyokuwa marefu tumeyafupisha.

Swali: Kila ninapompigia mtu nikiwa garini, ananiambia kwamba anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia. Mimi ninamsikia vizuri kabisa. Nimebadilisha simu na tatizo limebaki palepale. Je, redio ya gari imeharibika?

Redio yako huenda ni nzima. Mwangwi anaousikia mtu wa upande wa pili huzaliwa ndani ya gari lako, wala si kwake, na ndiyo maana wewe huoni kasoro yoyote. Sauti yake hufika kwenye simu yako, hupitia Bluetooth hadi kwenye redio, hutoka kwenye spika za milangoni, hugonga vioo na dari, kisha huingia kwenye kipaza sauti kilekile kinachosubiri maneno yako. Kusipokuwa na kizuizi, hurudishwa kwake ikiwa imechelewa kidogo, naye hujisikia mara mbili. Kizuizi kipo: ndani ya redio kuna programu inayojua ni sauti gani imetoka kwenye spika, na kazi yake ni kuiondoa sauti hiyo katika kile kilichonaswa kabla hakijapelekwa. Kazi hiyo hufanikiwa pale tu sauti inayorudi inapofanana na ile ambayo programu inaitarajia. Ukifungulia mpaka spika zikaanza kukwaruza, mikwaruzo hiyo ni sauti mpya ambayo programu haiitambui, na hupenya moja kwa moja hadi kwa mwenzako.

Kwa hiyo anza kwa kupunguza sauti. Madereva wengi hawajui kwamba redio huhifadhi kiwango cha sauti ya simu mbali na kile cha muziki, na kwamba kiwango hicho hubadilika tu ukizungusha kitufe wakati mazungumzo yanaendelea. Mtu hupunguza muziki, akadhani amemaliza, kumbe simu bado imewekwa juu kabisa tangu siku gari liliponunuliwa.

Jambo la pili ni mahali kilipo kipaza sauti. Katika magari yaliyotoka kiwandani na mfumo huu, mara nyingi kimefichwa darini, karibu na taa ya ndani au kioo cha kutazamia nyuma, na si vigumu kukuta kimezibwa na kitambaa au kibandiko. Katika redio zilizofungwa baadaye, kwa kawaida kuna kitundu usoni mwa redio yenyewe, na nyingi huja pia na kipaza sauti cha waya ndani ya boksi. Hicho cha waya ndicho kizuri zaidi, lakini mafundi wengi hukiacha humo humo kwenye boksi, kwa kuwa kupitisha waya nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele ni kazi ya ziada ambayo mteja hakuiomba kwa sababu hakujua kwamba ipo. Ukikipata, kifungwe juu ya usukani au kwenye nguzo iliyo upande wa dereva, kikielekea mdomo wake, mbali na spika, na mbali na matundu yanayotoa hewa ya kiyoyozi. Hewa ikipiga kipaza sauti moja kwa moja hutoa mngurumo unaofunika herufi laini kama «s» na «f», na mwenzako atakuwa akikuuliza «umesemaje?» kila baada ya sentensi.

Ili ujue kosa liko wapi, egesha gari mahali salama, umpigie rafiki mwenye subira, na ubadilishe kitu kimoja kimoja. Ongea injini ikiwa imezimwa, kisha iwashe, kisha washa feni katika kiwango cha chini, halafu cha juu, kisha punguza sauti ya simu hatua kwa hatua, ukimwuliza kila mara anasikiaje. Mwangwi ukipotea sauti ilipopungua, umepata jibu. Usipopotea kabisa hata gari likiwa kimya, mwombe fundi aangalie kama mtengenezaji wa redio ametoa sasisho la programu yake, kwa maana kasoro za aina hiyo hurekebishwa humo.

Swali: Sheria za ninapoishi zinaniruhusu kuzungumza na simu nikiendesha, mradi nisiishike. Mke wangu anashikilia kwamba hakuna tofauti, hatari ni ileile. Mimi naona mikono yangu iko kwenye usukani na macho yako barabarani. Kuna ubaya gani?

Katika ubishi huu mkeo yuko karibu zaidi na ushahidi uliopo, ingawa nawe una hoja ambayo tutaifikia.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walichapisha uchunguzi wa madereva 699 waliokuwa na simu za mkononi na waliopata ajali zilizoharibu magari bila kujeruhi watu. Walilinganisha kumbukumbu za simu zao na saa ya ajali, wakakuta kwamba uwezekano wa kugongana uliongezeka takriban mara nne dereva alipokuwa akitumia simu, na kwamba simu zisizoshikwa hazikuonyesha nafuu yoyote. Mwaka 2005 uchunguzi wa namna hiyohiyo ulifanywa Perth, Australia, safari hii kwa madereva waliofikishwa hospitalini baada ya ajali, na jibu lilikuwa lilelile: takriban mara nne, uwe umeishika simu au hukuishika. Shirika la Afya Duniani nalo hutumia takwimu hiyo ya mara nne, na husema wazi kwamba simu zisizoshikwa si salama sana kuliko zile za kushikwa.

Sababu ni kwamba kuangalia na kuona ni mambo mawili. Katika Chuo Kikuu cha Utah, David Strayer na wenzake waliwaweka watu kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji, wakafuatilia mahali macho yao yalipotua, kisha wakawauliza walichokiona njiani. Waliokuwa wakizungumza na simu bila kuishika walishindwa kuvikumbuka vitu ambavyo macho yao yalikuwa yameviangalia kabisa. Jicho lilifika, akili haikuwepo. Watafiti haohao walikuta pia kwamba mazungumzo na abiria aliyeketi pembeni hayaleti madhara kama hayo, kwa kuwa abiria huona lori linalokata njia mbele, akanyamaza mwenyewe, au hata akasema «angalia pale». Aliye kwenye simu hajui kama uko kwenye barabara tupu au kwenye mzunguko wenye magari kutoka pande nne, na anapokuuliza swali gumu anasubiri jibu papo hapo.

Hoja yako ni hii: kuongea tu si kubaya kuliko yote. Taasisi ya uchukuzi ya Virginia Tech, ambayo hufunga kamera ndani ya magari ya watu na kuwaangalia wakiendesha kama kawaida, ilitangaza mwaka 2009 kwamba dereva wa lori anayeandika ujumbe yuko katika hatari ya ajali au ya kuponea chupuchupu mara 23 kuliko anapoendesha bila kufanya jambo jingine. Kinachoua zaidi ni macho kuondoka barabarani. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kutafuta jina kwenye simu ni mita 44 ambazo hakuna aliyeziendesha. Simu isiyoshikwa ikikuzuia usifanye hivyo, imekusaidia. Ikikufanya uzungumze nusu saa nzima kwa kuwa sasa unajiona uko salama, imekuharibia.

Ushauri wetu ni kwamba simu ya garini iwe na mambo matatu tu: niko njiani, nitafika saa fulani, nitakupigia nikiegesha. Ugomvi wa kifamilia, mapatano ya bei na habari za msiba havifai kuongelewa kwenye usukani, na hakuna aibu yoyote kumwambia mtu hivyo. Mwambie pia tangu mwanzo kwamba unaendesha. Watu wengi wakijua hufupisha wenyewe.

Swali: Muziki unatoka kwenye spika za gari bila shida, lakini simu ikiita naisikia kwenye simu yenyewe. Kwa nini?

Kwa sababu Bluetooth hutumia njia moja kwa muziki na nyingine kwa mazungumzo, na moja yaweza kufunguliwa huku nyingine imefungwa. Kwenye simu za Android, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, gusa jina la gari, na utaona swichi ya simu mbali na ile ya muziki. Hakikisha zote mbili zimewashwa. Kwenye iPhone angalia kwanza mpangilio unaoamua sauti ya simu ielekezwe wapi, kwa maana mtu akiwahi kuchagua spika ya simu, hubaki hivyo. Tatizo likiendelea, futa gari kwenye simu na ufute simu kwenye gari, pande zote mbili, kisha uunganishe upya. Kufuta upande mmoja tu ndiko kunakowafanya wengi waseme «nimejaribu kila kitu».

Swali: Nikiiambia simu impigie dada yangu, inampigia fundi bomba. Nikitaja jina la bosi, inasema haijaelewa. Nimefikia hatua ya kuipigia kelele, jambo linalowafurahisha sana watoto walioketi nyuma. Kosa ni la matamshi yangu?

Matamshi yako hayana kosa. Msaidizi wa sauti hulichukua jina kama lilivyoandikwa kwenye orodha yako, akakisia linavyotamkwa kwa kanuni za lugha aliyowekewa, kisha hulinganisha kisio hilo na sauti yako. Akiwa amewekewa Kiingereza, jina kama Nyang'oro au Mwanajuma humfikia likiwa limeshavunjika kabla hujafungua kinywa. Wewe unalitaja ipasavyo, naye anasubiri kitu kingine kabisa. Kupiga kelele hakusaidii, bali huharibu zaidi, kwa kuwa sauti iliyokazwa hubadilika umbo na mifumo hii imefundishwa kwa sauti za watu wanaozungumza kawaida.

Kuna mambo manne ya kufanya, na yote yafanywe ukiwa umekaa nyumbani. La kwanza ni kusafisha orodha ya majina. Watu huandika «Juma fundi mpya 2», «Juma wa zamani», «Juma J», kisha hushangaa kwamba «mpigie Juma» huzua maswali. Maandishi ya mapambo, vikatuni na alama huongeza mkanganyiko, na jina lililohifadhiwa mara tatu humlazimisha msaidizi akuulize ni lipi, nawe ukageuza macho kuangalia skrini.

La pili, simu za iPhone na za Android zote zina nafasi, ndani ya ukurasa wa kila jina, ya kuandika namna linavyotamkwa. Haionekani mpaka uchague kuongeza sehemu nyingine, na ndiyo maana wachache wanaijua. Andika humo jina kwa tahajia ambayo msomaji wa lugha ya msaidizi angelisoma sawasawa. Kwa Kiingereza, kwa mfano, Asha laweza kuandikwa «Aasha», na Zuhura «Zoo-hoo-ra». Linaonekana kituko, lakini hakuna atakayeliona isipokuwa wewe.

La tatu, mfundishe msaidizi uhusiano badala ya jina. Ukimweleza mara moja kwamba fulani ni dada yako, baadaye utasema tu «mpigie dada yangu» katika lugha anayoijua, na neno hilo halitamshinda. Vivyo hivyo kwa mama, mume na bosi. Kwa wale watatu au wanne unaowapigia kila siku, hii ndiyo njia tunayoipendelea kuliko zote.

La nne ni namna ya kusema. Subiri mlio, kwa maana maneno yanayotangulia mlio hayanaswi. Sema amri yote kwa mfululizo bila kusita katikati, kwa kuwa ukimya mfupi huchukuliwa kuwa umemaliza. Tumia majina mawili, maana jina refu hutofautika na mengine kwa urahisi kuliko la silabi mbili. Na punguza feni na ufunge dirisha kabla ya kuanza. Watoto nao wakinyamaza kwa sekunde tano itasaidia, ingawa hilo hatuna mpangilio wake.

Wasomaji kadhaa wameuliza kama haiwezekani kusema Kiswahili moja kwa moja. Kwa kuandika kwa sauti inawezekana: Google iliongeza Kiswahili katika uandishi wake wa sauti mwaka 2017, kwa hiyo ujumbe unaweza kutamkwa kwa Kiswahili na ukaandikwa. Kuamuru gari ni jambo jingine, kwa sababu mfumo wa gari huja na lugha zilizochaguliwa na mtengenezaji wake, na orodha hiyo utaiona kwenye mipangilio ya redio. Fungua uiangalie kabla hujakata tamaa.

Swali: Usukani wangu una kitufe chenye alama ya mtu anayezungumza. Mara nyingine anajibu mwanamke mwenye sauti ya zamani zamani, mara nyingine anajibu msaidizi wa simu yangu. Ni nani hasa ninayemwamuru?

Wote wawili, kutegemea muda unaokibonyeza. Katika magari mengi kitufe hicho kikibonyezwa kwa muda mfupi huita mfumo wa gari lenyewe, na kikishikiliwa kidogo huita msaidizi wa simu iliyounganishwa.

Ni vema kujua tofauti yao. Mfumo wa gari, hasa katika magari ya zamani kidogo, hufanya kazi bila intaneti na huelewa orodha ya amri zilizopangwa tu: piga namba, badili stesheni, rudia. Ukimwambia kitu nje ya orodha hiyo, hata kwa ufasaha mkubwa, hataelewa. Orodha imo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi ukisema neno la kuomba msaada hukusomea. Msaidizi wa simu huelewa maneno ya kawaida zaidi, lakini sehemu kubwa ya maombi hutumwa kwenye mitambo ya mbali ili yafafanuliwe, kwa hiyo mahali pasipo na mtandao wa data anaweza kukujibu kwamba hawezi kukusaidia. Ukisafiri kwenye njia ndefu zenye mtandao wa kusuasua, zoea amri tatu nne za gari lenyewe kwa ajili ya vipande hivyo.

Swali: Gari langu ni la zamani, redio yake ina sehemu ya kaseti tu. Ninunue kitu gani?

Kuna njia kadhaa na hazilingani ubora. Njia iliyoenea ni kile kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara na kurusha sauti kwa redio kwa masafa ya FM. Kwa muziki huvumilika. Kwa simu tunakiona dhaifu, kwa sababu kipaza sauti chake kiko chini karibu na gia, mbali na mdomo, na ukipita karibu na kituo cha redio chenye masafa hayohayo, mazungumzo yako huvamiwa na matangazo. Bora zaidi ni spika ndogo ya Bluetooth inayobanwa kwenye kizuia jua kilicho juu ya dereva: kipaza sauti kiko sentimita chache kutoka usoni, haihitaji redio kabisa, na huhamishika kutoka gari moja hadi jingine. Kumbuka tu kuichaji.

Kubadilisha redio nzima ndiyo njia ya kudumu, nayo huleta uwezekano wa kutumia CarPlay ya Apple au Android Auto, mifumo iliyoanza kuingia kwenye magari miaka ya 2014 na 2015 na inayoonyesha programu chache za simu kwenye skrini ya gari kwa herufi kubwa. Ukifuata njia hiyo, usisahau tulichosema juu ya kipaza sauti kilichoachwa kwenye boksi.

Kuna wanaovaa kisikizio cha sikioni. Kikiwa cha sikio moja kinafaa kwa simu fupi. Kuziba masikio yote mawili hatukushauri, na katika baadhi ya nchi kumekatazwa: honi, king'ora cha gari la wagonjwa na mlio wa tairi linalopasuka ni habari ambazo dereva huzipata kwa masikio kabla ya macho.

Swali: Gari langu husoma ujumbe unaoingia kwa sauti. Wiki iliyopita lilimsomea mkwe wangu jambo ambalo halikumhusu hata kidogo. Nawezaje kulizuia bila kupoteza huduma hiyo? Na je, ni salama kujibu kwa kutamka?

Pole kwa yaliyokupata. Tafuta kwenye mipangilio ya arifa, au ya CarPlay au Android Auto ikiwa unatumia mojawapo, mahali panapohusu kutangaza ujumbe, na uzime usomaji wa moja kwa moja. Huduma haitapotea: gari litakuonyesha kwamba umepata ujumbe, nawe utaamua kama usomwe. Kama gari lako huunganishwa kwa Bluetooth pekee na unatumia iPhone, kuna swichi ya arifa kwenye ukurasa wa gari hilo ndani ya mipangilio ya Bluetooth. Ikizimwa, ujumbe hautavuka kabisa kwenda garini.

Kujibu kwa kutamka kuna tatizo lisiloonekana mapema. Kutamka kwenyewe ni rahisi. Kishawishi huja baadaye, pale unapotaka kuhakiki kama imeandika «nimefika» au «nimefilisika». Macho hushuka kwenye skrini, mkono hufuata kusahihisha, na hapo umerudi kulekule kwenye kuandika. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kwa watengenezaji wa vifaa vya garini, ilipendekeza kwamba kazi yoyote isimtake dereva aondoe macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Kusahihisha sentensi moja iliyoandikwa vibaya kunaweza kuvuka mipaka yote miwili.

Tena akili hairudi barabarani papo hapo. Mwaka 2015 Strayer na wenzake, kwa kazi waliyoifanyia taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walipima magari kumi ya mwaka huo pamoja na wasaidizi wa simu, wakakuta kwamba baada ya amri ya sauti kumalizika umakini wa dereva ulichukua hadi sekunde 27 kurejea katika mifumo mibaya zaidi, na hadi sekunde 15 katika ile iliyosumbua kwa kiasi. Kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo wa mitaani, sekunde 27 ni mita 300. Kwa hiyo usitoe amri ukisubiri taa igeuke kijani: utamaliza kusema, taa itawaka, nawe utaondoka huku akili ikiwa bado kwenye ujumbe.

Badala ya kujibu, iache simu ijibu. iPhone zimekuwa na hali ya kutosumbuliwa wakati wa kuendesha tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, na simu nyingi za Android zina hali inayofanana nayo. Inaweza kujiwasha yenyewe simu inapoungana na gari, ikanyamazisha arifa na, ukiiruhusu, ikamjibu mtumaji kwa sentensi uliyoiandika wewe mwenyewe. Iandike kwa adabu, maana mkwe naye ataipata.

Swali: Nina laini mbili kwenye simu moja. Nikipiga kwa sauti garini, simu hutokea kwenye laini ya kazi hata ninapowapigia nyumbani.

Gari halijui habari za laini zako. Linaiomba simu ipige, na simu hutumia laini uliyoiweka kuwa ya kawaida kwa simu zinazotoka. Ukiiweka simu «iulize kila mara», swali hilo litajitokeza kwenye skrini ya simu iliyoko mfukoni, nawe utadhani amri imeshindikana. Chagua laini moja kuwa ya kawaida. Baadhi ya simu hukuruhusu kuchagua laini kwa kila jina kwenye orodha, na hapo ndipo utawapangia watu wa nyumbani laini yao.

Swali: Nilikodi gari kwa safari ya kikazi na nikaunganisha simu yangu. Nilipofungua orodha ya vifaa nikakuta majina ya simu za watu nisiowajua. Je, na yangu imebaki humo? Na kuna mtu anayeweza kuona nini?

Jina la simu yako limebaki, na huenda zaidi ya hilo. Unapounganisha simu, gari huomba ruhusa ya kunakili orodha yako ya majina na kumbukumbu za simu zilizopigwa, ili likuonyeshe nani anapiga na liweze kutii amri ya kumpigia fulani. Wengi hubonyeza «kubali» bila kusoma. Magari mengi huifungua nakala hiyo tu pale simu yenyewe inapokuwa karibu, lakini si busara kuitegemea tabia hiyo, kwa kuwa hutofautiana kutoka gari moja hadi jingine. Mfumo wa ramani nao huweza kuhifadhi mahali ulikokwenda, ikiwemo anwani ya nyumbani kama uliiingiza.

Kwa gari la kukodi, kataa ruhusa ya majina tangu mwanzo. Simu zitapokelewa kama kawaida, isipokuwa utaona namba bila jina na hutaweza kupiga kwa kutaja mtu. Ukihitaji kuchaji, tumia chaja ya tundu la kiberiti badala ya waya wa USB wa redio, kwa sababu tundu hilo hupitisha umeme tu bila kubadilishana taarifa. Kabla ya kurudisha ufunguo, ingia kwenye mipangilio ya redio, tafuta orodha ya vifaa, chagua jina la simu yako na ulifute, kisha ufute kumbukumbu za safari kwenye ramani.

Anayeuza gari lake afanye zaidi ya hapo. Karibu kila mfumo una sehemu ya kurejesha hali ya kiwandani, ambayo hufuta simu zote, majina yote na safari zote kwa pamoja. Kama gari lako lina programu ya simu inayoweza kulifungua milango au kuonyesha lilipo, jiondoe humo pia na umwambie mnunuzi aangalie kwamba umejiondoa. Vinginevyo utaendelea kuliona gari la mtu mwingine likiwa limeegeshwa nyumbani kwake. Kwa gari ulilokwisha kulirudisha, piga simu kwenye kampuni iliyokukodisha uwaombe waifute simu yako kwa jina linaloonekana kwenye orodha, na kwa upande wako ulifute gari hilo kwenye simu ili zisiungane tena ukipita karibu nalo.